Asubuhi Kisiwa Kilipogota Nchi Kavu

Wenzangu wa bwenini wanajua kwamba mimi siendi lamboni. Zamu yangu ya maji ikifika naomba nifagie bweni zima, nioshe na vyoo, ilimradi mtu mwingine aende. Wanadhani najidai. Wiki iliyopita mabomba yalikauka, ikabidi twende wote, na mvua ilikuwa imesomba magugu mengi yakaozea pembeni mwa lambo. Nilipoinama na ndoo harufu ile ikaniingia, harufu ya mizizi iliyoloa muda mrefu, tamu kidogo kwa juu, na chini yake yai viza. Nikakaa topeni na sketi ya shule. Rafiki yangu mmoja akasema, "Jamani, huyu ana mapepo," na wengine wakacheka. Mimi si msemaji. Hata darasani nikiitwa jina nasahau nilichokuwa nakijua. Kwa hiyo sikuwajibu, nimeona niandike.

Nilikulia Samuye, Shinyanga, kwa watu wa baba, mahali ambapo maji ni kitu cha kubebwa kichwani. Baba simkumbuki. Alinilea bibi, mama yake baba, na mama yangu alikuwa Geita kwenye machimbo, akiwapikia wachimbaji wali na maharage karibu na maduara, yaani yale mashimo wanamoshuka kutafuta dhahabu. Bibi alipofariki mama alikuja kuzika, na matanga yalipokwisha akafunga nguo zangu kwenye kanga. Alisema kambini si mahali pa kumlea mtoto wa kike, kwa hiyo nitakaa kwa kaka yake kisiwani mpaka apate chumba mjini. Sikuuliza kisiwa ni nini. Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza, na nilidhani ni jina la kijiji tu, kama Samuye.

Ziwa nililijua kwanza kwa miguu, kwa sababu nilikataa kuinua macho. Mama alinibeba akaniweka kwenye mtumbwi wa Mjomba, akapanda na yeye, na njia nzima nilificha uso kwenye tumbo lake, nyayo zikisikia mbao zikipanda na kushuka. Kisiwa chenyewe kilikuwa kilima kimoja cha mawe makubwa, na chini yake ufuko mdogo wa mchanga uliotazama nchi kavu. Ufuko huo ndio mwalo, mahali pa kuegesha mitumbwi na kuanika dagaa. Mtu angeweza kukizunguka kisiwa kizima na kurudi kabla maharage hayajaiva. Mama alilala usiku mmoja tu. Asubuhi, pale mwaloni, alichuchumaa akanishika mashavu.

"Nitakuja kukuchukua hapa hapa," alisema. "Umesikia? Hapa hapa."

Nililishika neno hilo. Mtoto akiambiwa hapa hapa haelewi vingine.

Mjomba alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake ilinuka lami. Alikuwa mtu wa tanga. Karibu kila mwenye mtumbwi pale alikuwa na injini, lakini yeye alisafiri kwa tanga alilolishona kwa magunia ya sandarusi, na baba yake kabla yake alisafiri hivyo hivyo. Watu wa pale waliyajua mambo ya upepo kama sisi Samuye tulivyoyajua ya ng'ombe. Usiku mpaka asubuhi upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, mchana unatulia kidogo, halafu unageuka na kutoka ziwani kurudi nchi kavu. Mjomba aliondoka na huu akarudi na ule. Vijana wa injini walimtania wakimpita.

"Baba Editha, tukusalimie watu huko? Wewe utafika kesho."

"Wasalimieni," alijibu. "Na mafuta yakiwaishia mniite, niko njiani."

Aliponipandisha mtumbwini mara ya kwanza alinionyesha pamba waliyokuwa wameigandamiza kati ya mbao ili maji yasipite. "Hii ni pamba ya kwenu Shinyanga," alisema. "Usiogope, kwenu ndiko kunatuzuia tusizame." Alitaka nicheke. Mimi nikaanza kuitazama ile pamba kila ninapokaa, nione kama inatoka.

Editha, mtoto wake, alikuwa darasa la nne. Kunicheka ilikuwa kazi yake ya kila siku, kwa sababu niliamka na kuwasalimia wakubwa "mwangaluka" kama nyumbani, na kwa sababu nilinawa uso kwa maji ya kikombe kimoja wakati ziwa zima lilikuwa mlangoni. Lakini alinipa nusu ya kila alichokula, na usiku alinilaza upande wa ukutani. Yeye ndiye aliyenionyesha.

Tulikuwa juu ya mawe tukifukuza ndege wasile dagaa. Mbali kidogo majini nikaona pori. Pori la kijani, lenye majani marefu yenye vichwa vya nywele na ndege weupe wamesimama juu yake, na lilikuwa linapita. Halikupiga kelele. Lilikuwa upande wa kulia, na baadaye lilikuwa upande wa kushoto.

"Kile ni nini?"

"Kisiwa," Editha alisema. "Cha mafunjo."

"Kinakwenda?"

"Si unakiona? Kinahama."

"Kinahamia wapi?"

"Upepo ndio unaojua."

"Na hiki chetu?"

Editha alinitazama, akaona jinsi nilivyokuwa nimekamata jiwe kwa mikono miwili. Mtoto yeyote angefanya alichofanya. "Hiki kinahama usiku," alisema. "Ndiyo maana watu wanaamka wamechoka."

Sasa hivi najua mafunjo ni nini. Yanaota midomoni mwa mito, mizizi inasukana kuwa mkeka mnene, upepo mkali ukija unakata pande zima na kulipeleka ziwani na ndege wake na nyoka wake. Tumesoma. Lakini wakati ule nilichojua ni kwamba visiwa vinakwenda, na mama aliniambia hapa hapa.

Nilitafuta uhakika, na bahati mbaya nikaupata kwa Mjomba. Siku moja alinichukua kuvua kwa ndoano karibu na mwalo. Alitupa nanga, akaninyooshea kidole kwenye jiwe lililotokeza majini, jeupe kwa mavi ya ndege, minandi, na nyuma yake, mbali nchi kavu, mnara wa simu juu ya mlima.

"Unaona mnara umekaa juu ya jiwe? Maana yake tuko pale pale. Mnara ukitoka ukaenda pembeni, ujue nanga imeburuta, tumehama. Mimi nikishika samaki, wewe utaniangalizia. Sawa?"

"Sawa."

Kesho yake nilipoamka nilikimbia mwaloni kuangalia. Mnara haukuwa juu ya jiwe. Ulikuwa pembeni, peke yake. Siku iliyofuata ulikuwa pembeni ya upande mwingine. Asubuhi nyingine kulikuwa na ukungu na hapakuwa na mnara wala mlima wala nchi kavu yoyote. Haikunijia akilini kwamba ni mimi niliyekuwa nasimama leo karibu na mtumbwi huu na kesho karibu na kichanja kile cha dagaa. Niliona tu kwamba Editha amesema kweli. Kila usiku tulikuwa tunaondoka, na mama akija atakuta maji matupu.

Sikumwambia mtu. Nilianza kukojoa kitandani, mimi niliyekuwa nimeacha zamani. Mama Editha alianika mkeka juani kila asubuhi bila kusema lolote, na Editha alipofungua mdomo alimkata jicho. Nikilala nilikuwa nashika nguzo ya nyumba. Wakicheka, wakila, wakigombania sabuni, mimi nilikuwa nasikiliza chini ya sakafu kama kuna kitu kinasuguana. Sielewi watu wazima wanawezaje kuishi na mtoto anayeogopa kiasi kile bila kuona, lakini nadhani walidhani namlilia bibi.

Halafu ukaja usiku wa upepo. Mabati yaligonga mpaka alfajiri. Nilipotoka nje ziwa halikuwepo.

Nasema kweli, halikuwepo. Kuanzia kwenye mchanga wa mwalo mpaka karibu na lile jiwe jeupe palikuwa nchi ya kijani, mafunjo marefu kunizidi, yamesimama pale ambapo jana palikuwa maji. Mitumbwi yote ya injini ilikuwa imefungiwa ufukoni. Wanaume walisimama upande mmoja na mapanga wakibishana watafyeka wapi njia. Mmoja wao aliwasha injini akajaribu kupenya, ikavuta mizizi ikazimika, akatukana. Mjomba hakuwepo, mtumbwi wake aliuacha upande wa pili wa kisiwa, na alikuwa amekwenda kuangalia kama umepona. Mama Editha alikuwa anafukua dagaa waliofunikwa na mchanga.

Mimi nilisimama nikaelewa kila kitu. Kisiwa kilikuwa kimetembea usiku kucha, na sasa kimegota nchi kavu. Nchi kavu ndiko aliko mama. Hofu yote ya majuma yale iligeuka ikawa haraka. Nilirudi ndani nikavaa sweta, nikachukua ndala zangu mkononi nisizichafue, nikapita nyuma ya vichanja, na nikaingia.

Ardhi ile ilikuwa laini. Ilibonyea na kunirudisha juu, na kwenye nyayo maji yalitokeza kidogo, yenye harufu ile ninayoisema. Sikushtuka. Mbuga za kwetu nazo zinabonyea masika, na majaruba ya mpunga ndivyo yalivyo. Nilishika mashina ya mafunjo nikawa napita kati yake. Ndege mmoja alikuwa amelalia mayai na hakuruka, alinitazama tu. Nilitembea nikimwita mama, si kwa kelele, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayebisha hodi. Nilipochoka nilikaa kwenye majani yaliyolala nikangoja jua lipande. Upepo uliokuwa ukipiga usoni ulikuwa umenyamaza. Baadaye ulianza tena, sasa kisogoni.

Ndipo niliposikia watu wanapiga kelele. Nilisukuma majani nikatazama nyuma.

Kisiwa kilikuwa kinaondoka. Mwalo, mitumbwi, nyumba yetu, kilima na mawe yake, vyote vilikuwa vinarudi nyuma polepole, na kati yangu na wao palikuwa na maji. Wao walikuwa wanapelekwa. Mimi niko salama, nimesimama nchi kavu, na Mama Editha na Editha wako juu ya kitu kinachokwenda zake na upepo. Sijawahi kuogopa kwa ajili ya mtu mwingine kama nilivyoogopa dakika ile.

"Editha!" nilipiga kelele. "Ruka! Mwambie mama yako aruke! Njooni huku!"

Mama Editha alikuwa ameingia majini mpaka kifuani, amenyoosha mikono. Nikajua ameanguka kutoka kisiwani. Nilianza kukimbia kumfuata, na hatua ya tatu au ya nne mguu wangu ukapita.

Ulipita mpaka pajani. Chini hapakuwa na kitu. Hapakuwa na tope, wala jiwe, wala mwisho. Palikuwa baridi tu, na kitu chepesi, labda mzizi, kikanigusa kwenye unyayo kikaachia. Nilielewa kwa mguu kabla ya kichwa. Nilijua kwamba hakuna nchi kavu hapa, kwamba mimi ndiye ninayekwenda, na kwamba wale wote wanaolia kule wako palepale walipokuwa siku zote.

Sikulia. Nilikamata mashina pande zote mbili, mguu mmoja juu na mmoja chini, nikanyamaza kabisa, kwa sababu nilidhani nikipumua sana patatoboka pote. Mawimbi yalikuwa yameanza kuinuka, na kila wimbi lilipopita chini ile ardhi ilipanda na kushuka, mimi nikiwa juu yake. Upande wangu wa kushoto kipande kizima chenye mafunjo yake kilikatika na kujitenga, bila sauti.

Tanga la Mjomba lilitokea nyuma ya kilima, lile la magunia, limejaa. Upepo ulikuwa nyuma yake. Alinipita kwa mbali, akazunguka akaja upande wa ukingo, na tanga likashuka mara moja. Editha alikuwa mbele ya mtumbwi ameshika kamba, uso umevimba kwa kulia. Sijui alikikimbiaje kilima hadi kumfikia baba yake.

"Mjomba usije," nilimwambia. "Panatoboka."

"Siji," alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba chumvi. "Utakuja wewe. Toa mguu taratibu. Taratibu. Sasa lala."

"Nilale?"

"Lala kifudifudi, kama kitandani. Panua mikono. Hivyo hivyo. Halafu tambaa uje kwangu, usinyanyue tumbo."

Sikuweza. Nililala, lakini mikono ilikuwa imekwama kwenye mashina na haikutaka kuachia. Pua yangu ilikuwa kwenye ile mizizi.

"Zamani nilipokuja kwa bibi yako," Mjomba alisema, "nilimwona ng'ombe mmoja pembe imevunjika. Anaitwa nani yule?"

"Nani?"

"Yule mwekundu. Pembe moja."

"Kijeshi."

"Kijeshi. Na aliivunjaje pembe? Njoo karibu, sikusikii."

Niliachia mkono mmoja. "Alipigana."

"Na nani?"

"Na ng'ombe wa jirani."

"Baba, mvute tu," Editha alisema akilia.

"Nyamaza, tunaongea na mgeni. Nani alishinda?"

Niliwaambia habari yote ya Kijeshi nikiwa natambaa. Nilikuwa sijawahi kuongea maneno mengi vile tangu nifike. Mkeka ulikuwa unazama chini ya kifua changu na maji yakaingia ndani ya sweta, nami nikasema Kijeshi alishinda lakini alirudi na pembe moja, bibi akaifunga kwa kitambaa, na mkono wa Mjomba ukanishika sweta mgongoni ukaninyanyua juu kama mtoto wa paka.

Nilipowekwa chini niliangalia kwanza pamba kati ya mbao. Ilikuwepo.

Kurudi kulichukua muda, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka kule tunakokwenda. Mjomba alikwenda upande, akageuza tanga, akaenda upande mwingine. Editha alinivua sweta akalikamua. "Eti niruke," alisema, akawa anacheka na kulia pamoja. "Niruke niende wapi, wewe?"

"Ulikuwa unakwenda wapi?" Mjomba aliuliza.

"Kwa mama."

Aligeuza tanga. Halafu nikamweleza yote, mnara na jiwe, na jinsi kisiwa kinavyohama usiku. Editha aliinama akajishughulisha na kamba. Mjomba alinieleza kwamba kisiwa chetu ni kilima, kwamba miguu yake imesimama chini kabisa ziwani, na kwamba babu yake alikikuta hapo na wajukuu wangu watakikuta hapo. Aliuliza kama nimeelewa. Nilisema ndiyo. Sikuamini hata neno moja. Kitu kilichokuwa nchi kavu asubuhi kilikuwa kimenifungukia mchana, na sikuona kwa nini kingine kisifanye hivyo.

Hilo ndilo ambalo hawakulijua, kwamba baada ya siku ile niliogopa zaidi. Mwanzoni niliogopa kisiwa tu. Baadaye niliogopa popote pa kukanyaga. Nilitembea nikiburuta nyayo, sakafu ya nyumba niliipima kwa kidole cha mguu kabla ya kuingia, na kanisani nilisimama mlangoni penye jiwe. Mama Editha alinishika mkono kila mahali, na kwa sababu hiyo wakati mwingine alichelewa kuwaanua dagaa wake wakalowa. Aliniombea pia, akiniwekea kiganja utosini. Haikusaidia.

Mama alipiga simu kwamba amepata chumba Geita mjini. Alisema hatavuka, atatungoja ng'ambo, Mjomba anilete. Tuliondoka asubuhi na upepo ukiwa mbovu, tukafika mchana, ule wa ziwani ukitusukuma. Mwalo wa ng'ambo ulikuwa umejaa watu, wachuuzi, bodaboda, wanawake wenye ndoo za samaki. Pembeni yake, kuanzia majini mpaka juu, kulikuwa kumeota mafunjo.

Mama alikuwa amesimama kwenye majani karibu na hayo mafunjo. Amekonda. Alinuka moshi hata kwa umbali ule, au mimi ndivyo ninavyokumbuka. Alinyoosha mikono.

"Njoo, mwanangu."

Nilishika mlingoti.

"Shuka," Mjomba aliniambia taratibu. "Umefika."

Nilitikisa kichwa. Watu walianza kututazama. Uso wa mama ulibadilika. Nadhani alifikiri nimemsahau, au nimemkasirikia kwa kuniacha, na mimi sikuwa na maneno ya kumwambia si hivyo. Nilikuwa na moja tu.

"Ruka."

"Nini?"

"Ruka kwanza. Hapo uliposimama."

Mama alimtazama kaka yake. Mjomba aliangalia chini, akasema, "Ruka, dada. Nitakueleza."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Ruka tu."

Mama aliweka mkoba chini. Alikaza kanga kiunoni, akakunja magoti, akaruka, mwanamke mzima, mpaka kilemba kikasogea. Muuza samaki mmoja akapiga kigelegele cha utani. Mimi nilikuwa natazama majani kwenye miguu yake. Hayakutikisika, na maji hayakutokeza.

"Tena," nilisema.

Akaruka tena. Alikuwa analia sasa na hakuwa amejua ni kwa nini anaruka, lakini aliendelea kuruka, mara nyingine na nyingine, mpaka nilipoachia mlingoti.